Dawa ya usingizi kwenye mkebe wa Blue Band

“Hii siuzi bila karatasi ya daktari, anti.”

Msichana wa kemisti aliyasema hayo bila kuniangalia. Alikuwa anabandua kibandiko cha bei kwenye boksi la dawa ya kikohozi kwa ukucha wake. Ilikuwa Ijumaa jioni, yanaanguka yale manyunyu ya Nairobi ambayo hayajaamua kama ni mvua. Nilikuwa nimeshuka matatu kabla ya steji yangu kwa sababu mdogo wangu alikuwa amerudi kutoka kliniki na jibu tulilolizoea: dawa imeisha, jaribu nje.

Nikamweleza kwamba ni ya kifafa. Vidonge vya fenobabitoni, vile vidogo vyeupe vya miligramu 30, mdogo wangu anavimeza tangu akiwa msichana wa shule ya msingi. Nikaongeza kwamba mimi ni mwalimu. Sijui kwa nini nilidhani hilo lingesaidia.

Hapo ndipo akainua macho.

“Anti, hii ni dawa ya usingizi ya zamani. Watu hujimaliza nayo.”

Nilitoka nimefura. Mtaa wa pili nikapata kemisti nyingine, mzee mmoja akanihesabia vidonge bila kuuliza hata jina, akavitia kwenye bahasha ya kaki, nami nikamwona mtu wa maana sana. Lakini maneno ya yule msichana hayakubaki mtaani. Yalipanda matatu nami. Yalikaa nami kanisani. Wiki ya tatu nikajikuta, katikati ya kusahihisha mitihani ya Kidato cha Tatu, nimechora pete ya pembe sita nyuma ya karatasi ya mtoto wa watu.

Mkebe

Kwetu dawa hukaa kwenye mkebe wa Blue Band juu ya kabati la vyombo, kati ya majani chai na kiberiti. Taarifa ya habari ya saa tatu ikiisha, mama huushusha. Hufungua kifuniko kwa mpini wa kijiko, hutoa vidonge vitatu, huviweka kwenye kisahani cha kikombe. Kidonge ni kidogo kuliko punje ya mahindi, kina mfereji katikati, na ukikivunja kinakuachia unga mweupe kidoleni. Nilipokuwa na miaka kumi na kitu niliulamba ule unga nione. Uchungu wake hauji kwa pupa. Unaingia polepole, kisha unakataa kutoka.

Mdogo wangu humeza vyote vitatu kwa mkupuo mmoja wa maji. Mama humtazama. Mdogo wangu hutoa ulimi aonyeshe kwamba ameviteremsha.

Ana miaka 31 na mtoto wa darasa la kwanza, na bado hutoa ulimi.

Kwa miaka 22 nimeijua dawa hii kama “dawa ya mdogo wangu”. Sikuwahi kuiita dawa ya usingizi, na sikuwahi kujiuliza imetengenezwa na nini. Mimi, ninayefundisha kemia.

Pete na mikono miwili

Mwanzo wake ni yurea. Wanafunzi wangu huipenda kwa sababu ya kicheko: imo kwenye mkojo, na imo kwenye magunia ya mbolea ambayo babu zao hubeba kwa bodaboda. Iunganishe na asidi ya maloniki, maji yatoke, upate pete ya atomu sita: kaboni nne na nitrojeni mbili, na oksijeni tatu zikining'inia nje. Adolf von Baeyer aliipata pete hiyo Ujerumani mwaka 1864, akaiita asidi ya babituriki. Wapo wanaosema jina lilitokana na Mtakatifu Barbara, wapo wanaosema kulikuwa na mwanamke. Mimi naliamini la mwanamke.

Kilichonifanya niweke kalamu chini ni kwamba asidi ile haimlazi mtu yeyote. Haina usingizi ndani yake hata chembe.

Ukali wake unakaribia wa siki, na asidi ya aina hiyo ikiingia kwenye damu huachia hidrojeni yake na kubaki na chaji ya umeme. Ubongo una soja wake getini. Soja huyo ni ukuta wa mafuta, na mwenye chaji hapiti. Pete inazunguka mwilini, inafika getini, inarudishwa, inaishia kwenye figo.

Ilichukua karibu miaka 40 kupata ujanja wa kumpita soja. Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering waliishika ile kaboni iliyo nafasi ya tano kwenye pete, ambayo hidrojeni zake mbili ndizo zilizokuwa chanzo cha ukali wote, wakazing'oa hidrojeni na kuweka mikono miwili ya ethili, vipande vidogo vya kaboni mbili mbili. Asidi ikapoa. Pete ikapata mafuta kidogo mabegani. Sasa ilipita getini, na mtu akalala. Waliiuza kwa jina la Veronal. Baada ya hapo Heinrich Hörlein, mkemia wa Bayer, akaondoa mkono mmoja wa ethili na kuweka fenili, pete ya kaboni sita, mahali pake. Mwaka 1912 ikaingia sokoni ikiitwa Luminal.

Hiyo ndiyo fenobabitoni. Pete ile ile ya mkojo na mbolea, mkono mmoja wa ethili, mkono mmoja wa fenili. Kaboni 12, hidrojeni 12, nitrojeni 2, oksijeni 3. Ningeweza kuiweka kwenye mtihani wa muhula huu.

Nilimrudishia yule mwanafunzi karatasi yake ikiwa na mchoro mgongoni. Akaniuliza kama ni sehemu ya masahihisho.

Daktari wa ghorofa ya juu

Luminal ilitengenezwa iwe dawa ya kulalia. Kifafa hakikuwa akilini mwa mtu.

Mwaka huo huo wa 1912, daktari kijana aitwaye Alfred Hauptmann alikuwa akiishi Freiburg, chumba chake kikiwa juu ya wodi ya wagonjwa wa kifafa. Usiku mzima alisikia watu wakianguka kutoka vitandani. Akawapa hii dawa mpya ili walale, naye apate kulala. Ndiyo, ilianza hivyo, kwa mtu aliyechoshwa na kelele. Kisha akagundua kwamba waliokuwa wakianguka usiku hawakuanguka mchana pia, wakiwa macho, wakitembea na kula. Akaandika alichokiona.

Nimeisoma habari hii mara nyingi wiki hizi, na kila mara natamani ingeishia hapo.

Haikuishia hapo. Hauptmann alikuwa Myahudi. Wanazi walimtoa kwenye kiti chake cha uprofesa Halle, wakamtia kambini Dachau mwaka 1938. Alipoachiliwa aliikimbia nchi, akafia Marekani mwaka 1948. Na katika nchi hiyo hiyo, miaka ya vita, madaktari walichukua Luminal yenyewe na kuwapa watoto waliohesabiwa kuwa mzigo, wenye kifafa wakiwemo, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, hadi kifua kikajaa na pumzi ikakatika. Kwenye cheti cha kifo wakaandika nimonia.

Niliifunga simu. Nikaenda jikoni, nikautazama mkebe.

Mlango

Nilidhani naelewa jinsi dawa inavyofanya kazi. Nilidhani inamlewesha mdogo wangu kidogo, kiasi kwamba ubongo unachoka kutetemeka. Wazazi wengi niliokutana nao kwenye benchi la kliniki wanadhani hivyo pia, na ndiyo maana mtoto akichangamka baada ya wiki chache wanahofia kwamba dawa imeisha nguvu.

Si hivyo. Usingizi wa mwanzo hupungua kwa sababu mwili unauzoea. Kinga dhidi ya kifafa hubaki.

Kwenye seli za ubongo kuna milango midogo ya kloridi, chembe yenye chaji iliyomo pia kwenye chumvi ya mezani. Ubongo una kemikali yake yenyewe, GABA, inayobisha kwenye milango hiyo ili ifunguke, kloridi iingie, seli itulie. Kifafa ni seli nyingi zinazopiga kelele kwa pamoja bila wa kuzituliza. Diazepamu, ambayo nesi yeyote Nairobi atamdunga mtu aliyeanguka, hufanya mlango ufunguke mara nyingi zaidi GABA ikibisha. Fenobabitoni hufanya jambo tofauti: mlango ukishafunguka, inauzuia usijifunge haraka. Inaweka mguu.

Hadi hapo zote mbili ni wageni wenye adabu. Zinamsubiri mwenye nyumba abishe.

Lakini fenobabitoni ikizidi, haimsubiri mtu. Inafungua mlango yenyewe. Na mlango ukifunguliwa hivyo hakuna kipimo cha ndani cha kusema basi, imetosha. Utulivu unateremka kutoka kwenye fikra hadi shina la ubongo, mahali panapoamuru kifua kipande na kushuka. Ongeza pombe au diazepamu juu yake, na njia inafupika. Diazepamu ina dawa ya kuizimua. Hii haina. Hospitalini humwekea mtu mashine ya kupumulia, humpa mkaa wa dawa, kisha wanangoja.

Kuna jambo jingine wanaloweza kufanya, na nililipoliona nilisimama jikoni peke yangu nikacheka kama mwendawazimu. Wanampa mgonjwa sodiamu baikaboneti mshipani, mkojo wake upoteze uasidi. Fenobabitoni ni asidi dhaifu. Kwenye mkojo wa namna hiyo inaachia hidrojeni, inapata chaji, na haiwezi tena kupenya mafuta ya figo kurudi kwenye damu. Inanaswa, inatoka. Ni soja yule yule wa asidi ya babituriki. Mwaka 1903 walimdanganya ili dawa iingie, na sasa wanamwita arudi kazini.

Baking soda ya mandazi ni kemikali hiyo hiyo. Nimeifundisha miaka 15 kwa kutumia siki na puto.

Kwa hiyo yule msichana wa kemisti alikuwa amesema kweli. Sikumpenda zaidi kwa hilo, lakini nilianza kukumbuka sura yake.

Kifua kinapopanda

Mdogo wangu alipata malaria mwaka 1998, tulipokwenda ushago Busia likizo ya Desemba. Alikuwa na miaka 4. Ikampanda kichwani na degedege likamshika njiani kabla hatujafika hospitali. Alipona. Alipofika miaka 9 kifafa kikaanza, na ndipo mkebe ulipoingia nyumbani.

Karibu na mwaka ule wa malaria yake, upande wa pili wa nchi, watafiti wa Kilifi walikuwa wakiuliza swali ambalo mzazi yeyote angelijibu bila kufikiri. Mtoto aliyepandwa na malaria kichwani, kwa nini asidungwe fenobabitoni mapema, badala ya kungoja degedege limrudie? Waliwachukua watoto 340. Nusu walidungwa dozi moja ya dawa, nusu wakadungwa sindano isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Waliopatwa na degedege mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 27 upande usio na dawa. Upande wa dawa, asilimia 11.

Ukifika hapo unataka kupiga vigelegele.

Kisha unafika kwenye vifo. Upande usio na dawa, watoto 14. Upande wa dawa, 30.

Pumzi ndiyo iliyokatika. Hali ilikuwa mbaya kupita kiasi kwa watoto waliokuwa wamepewa pia dozi tatu au zaidi za diazepamu, maana degedege la mtoto halingoji utafiti, na nesi wa zamu alifanya ambalo nesi yeyote angefanya. Mashine za kupumulia hazikuwepo. Kama watafiti wale wangehesabu degedege peke yake, leo sindano hiyo ingekuwa utaratibu katika kila wodi ya watoto kutoka Lamu hadi Busia, na tungekuwa tunaishukuru.

Hii ndiyo karatasi iliyonikosesha usingizi. Nilimkuta mama akichagua maharagwe, nikamuuliza kule Busia walimdunga mtoto nini.

“Nitajuaje?” akasema. “Waliingia na kutoka na sindano zao. Mimi nilikuwa naangalia kifua chake. Kikipanda nahesabu, kikishuka nahesabu.”

“Ulihesabu mpaka ngapi?”

“Mpaka asubuhi.”

Akaendelea na maharagwe yake.

“Husinzia darasani”

Ninayo bado ripoti ya mdogo wangu ya darasa la tano. Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: Husinzia darasani, hana bidii. Mama alimchapa kwa maneno hayo. Shule siitaji, na mwalimu yule hakujua. Wala sisi hatukujua.

Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusu watoto wadogo wa miezi 8 hadi 36 waliopata degedege la homa. Baada ya miaka miwili kwenye mpango wa fenobabitoni, wastani wa kipimo chao cha akili ulikuwa chini kwa alama 8.4 kuliko wa wenzao. Mdogo wangu hakuwa mtoto mchanga, na ugonjwa wake ni mwingine, kwa hiyo siwezi kuichukua hesabu ile na kumbandika. Nimejaribu, nakiri. Nimekaa usiku nikijumlisha alama zake za KCPE na 8.4 kana kwamba ni deni la kulipwa.

Lakini bila ile dawa angeanguka wapi? Kwenye jiko la mkaa? Kwenye barabara ya Jogoo saa moja asubuhi?

Sina jibu linalonituliza. Darasani kwangu, hata hivyo, mwanafunzi akisinzia huwa simwandiki chochote kabla sijamuuliza anameza nini.

Kijiti

Mwaka 2018 mdogo wangu aliwekewa kijiti cha uzazi mkononi. Cha miaka kadhaa, kisicho na shughuli, dawa yenyewe ya mtu aliyechoka kumeza vidonge. Aliyemwekea alimuuliza kuhusu hedhi na shinikizo la damu. Hakumuuliza kuhusu mkebe.

Mwaka uliofuata akaja mpwa wangu.

Tuliicheka sana ile mimba. Tulisema kijiti kilikuwa feki, kwamba ni mambo ya Nairobi. Hivi karibuni tu ndipo nilipojua kwamba kijiti kilikuwa kizima kabisa. Fenobabitoni ikikaa mwilini huliamuru ini liongeze vimeng'enya, mafundi wale wa kuvunjavunja dawa. Ini likishapata mafundi wa ziada halibagui. Linavunja homoni ya kijiti, linavunja ya vidonge vya majira, linapunguza nguvu za baadhi ya ARV na za dawa kadhaa za malaria. Sindano ya miezi mitatu huhimili, koili ya shaba haiguswi kabisa. Hayo yote yameandikwa kwenye vitabu vya wauguzi kwa miaka mingi.

Kijana alizaliwa na usingizi mwingi kuliko kawaida, hakunyonya vizuri siku mbili za kwanza. Wauguzi walisema ni mvivu, wakacheka. Naye alikuwa na dawa ya mama yake damuni.

Nilipomweleza mdogo wangu habari ya ini, alinyamaza kitambo. Mtoto wake alikuwa sebuleni akiendesha kifuniko cha mkebe sakafuni kama gurudumu.

“Usiwahi kumwambia kwamba alikuja kwa makosa ya kemia,” akasema.

Kisha akaniambia nimwite aje kula. Na usiku ule mama akauhamisha mkebe, akaufungia kwenye kabati lenye kufuli.

Ikiisha

Kuna sifa moja ya dawa hii ambayo niliipenda tangu nilipoielewa. Haina haraka. Kwa mtu mzima huchukua takriban siku tatu hadi nne kupungua nusu. Ndiyo maana dozi moja kwa siku inatosha, na ndiyo maana ukibadilisha dozi leo utajua matokeo kamili baada ya wiki mbili au tatu. Akisahau usiku mmoja, maji hayajamfika shingoni.

Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulitukuta bila akiba. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mdogo wangu alikuwa mzima, akafua, akaenda kusukwa. Tukajidanganya. Siku ya saba alianguka jikoni na sufuria ya maji ya chai mkononi. Alianguka tena kabla hajazinduka vizuri, na tena. Kovu la mkono wake wa kushoto lina umbo la ukingo wa sufuria. Leo nikipiga hesabu naona kwamba dawa ilikuwa imebaki kama robo tu, na ubongo uliozoea mlango kuwekewa mguu ulikuwa umebaki bila mguu. Kuiacha ghafla ni hatari kama kuizidisha. Hutolewa kwa miezi, kidogo kidogo, mbele ya daktari.

Kwa nini iishe, dawa ya bei ya chini hivi? Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima tangu orodha ya kwanza ya 1977. Lakini imo pia kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazocheza na akili, kwenye jedwali la nne, na kuiingiza nchini kunataka vibali. Dawa yenye faida ndogo na karatasi nyingi: nani ataikimbilia? Watu wamejimaliza nayo, na kwa ajili hiyo mdogo wangu ameungua mkono. Nimejaribu kukasirikia upande mmoja wa jambo hili. Nimeshindwa.

Mwenye dawa

Mwezi uliopita daktari mpya wa kliniki, kijana mpole, alipendekeza tuanze kuhama kwenda lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa. Kwa mwanamke wa umri wake, alisema, ni afadhali, hasa akitaka mtoto mwingine. Ni ghali zaidi. Huanzwa taratibu sana, la sivyo ngozi inaweza kuharibika vibaya, na fenobabitoni inakatwa taratibu vilevile. Miezi mingi ya kuwa katikati ya mto.

Mama hataki. Miaka minne hajaanguka, asema mama, sasa mnatafuta nini? Mimi nilikuja na karatasi zangu: milango, ini, Kilifi. Tulibishana juu ya ugali hadi ukapoa, mama upande huu, mimi upande ule, na mdogo wangu katikati akimtolea mtoto miiba ya samaki.

“Mmemaliza?” akauliza mwishowe. “Mnanizungumzia kama mkebe.”

Tukanyamaza.

“Mimi ndiye ninayeijua hii dawa. Najua asubuhi zake. Najua siku nikipanda ngazi kazini kichwa kikiwa kizito, na najua siku ambayo si dawa, ni uchovu tu. Nitaongea na daktari mwenyewe. Msije.”

Alikwenda Jumatatu peke yake. Alirudi na karatasi mbili: moja ya lamotrijini ya kuanzia, moja ya fenobabitoni ya mwezi mzima, maana ya zamani haitoki mpaka mpya iwe imeshika. Usiku ule alimeza vidonge vyake vitatu. Mama alimtazama. Hakutoa ulimi.

Juzi Jumamosi, ya kliniki ikiwa imeisha tena, nilichukua ile karatasi ya pili nikarudi kwa yule msichana. Ningeweza kwenda kwa mzee wa mtaa wa pili asiyeuliza. Sikwenda.

Aliisoma yote, hata tarehe. Akalinganisha muhuri. Akamwaga vidonge kwenye sinia ya bluu na kuanza kuvisogeza kwa kisu kipana cha plastiki, vitano vitano, midomo yake ikihesabu bila sauti. Alipofika arobaini akasimama.

“Anayemeza ni wewe?”

“Ni mdogo wangu.”

“Anatumia kitu gani kingine? Za uzazi, ARV, za malaria, za usingizi? Pombe?”

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilikuwa na majibu yote, na michoro yake pia.

“Ngoja nimpigie,” nikasema. “Akwambie mwenyewe.”